Sauti Iliyokatiza Wimbo Wetu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza tuelewane. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitafute hapa Kiswahili cha redio. Mimi naandika kwa mkono, mjukuu wangu anapiga chapa, na nimemwonya: akinikata maneno, chai yake atakunywa kwingine.

Juzi alikuja kijana kutoka Nairobi, viatu vyeupe katika tope la mtaa wetu wa Manyatta, hapa Kisumu. Kabla hajaketi akasema, "Shosho, una nyumba nzuri sana." Nyumba yangu ni ya mabati, na upande mmoja umeanza kuliwa na kutu. Nikajua huyu anatafuta kitu. Mama yangu alikuwa akisema, mgeni akisifu kuku wako, wahesabu.

"Mimi si shosho wako," nikamwambia. "Hapa kwetu bibi anaitwa dani. Keti."

Akatoa simu, akaibonyeza. Zikatoka sauti za wasichana watatu, na makofi. Makofi yale niliyajua kabla sijautambua wimbo.

Miaka ya sitini tulikuwa tunaanika fulu pale ufuoni mwa ziwa. Fulu ninyi hamuwajui. Walikuwa samaki wadogo wenye uchungu kidogo, tunawatandaza juani, na kazi yetu wasichana ilikuwa kufukuza ndege. Unapiga makofi mawili, unanyamaza, unapiga moja. Ukipiga mfululizo ndege wanazoea, wanakula tu. Hapo ndipo tulipojifunza muziki wa soul, tukinuka samaki mpaka kwenye nywele. Fundi cherehani jirani yetu alikuwa na gramafoni na santuri za Wamarekani weusi, na mlango wake aliuacha wazi. Maneno hatukuelewa hata moja. Lakini mtu anayelia tulimwelewa. Kulia kwa wimbo ni kitu cha kwetu. Rafiki yangu mrefu alishika sauti ya mbele, binamu yangu ile nyembamba, mimi nikabaki na ya chini, ile inayobeba wengine kama kichwa kinavyobeba karai. Kiingereza tukakitupa, tukaweka Dholuo, lugha yetu. Makofi yakawa yaleyale ya ndege. Fundi akatushonea magauni kwa kitambaa cha pazia, na Jumapili baada ya kanisa tukawa tunaitwa kuimba ukumbini.

Basi akatokea bwana mmoja mwenye mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili yanayozunguka. Alitusifu. Alisifu mpaka magauni ya pazia. Mama akaniuliza tukisonga ugali, "Sauti yako ikishaingia kwenye sanduku la mtu, wewe utabaki na nini?" Nilitaka santuri.

Siku ya kunasa, ukumbi ulijaa. Sasa kuna jambo bwana yule hakuambiwa. Kwetu muziki ukikolea, mtu ana haki ya kusimama, wimbo unyamaze, ajisifu mwenyewe na anaowapenda, halafu wimbo uendelee. Tunaita pakruok. Sisi tulidhani kwa kuwa wimbo ni wa soul, watu watauheshimu kama wimbo wa kanisani. Wapi! Rafiki yangu akiwa amepanda juu kabisa, akainuka jamaa mmoja wa Awasi, mbeba magunia wa bandarini.

"Ngojeni! Mimi fahali wa Awasi! Nikikohoa kule, Kisumu wanafunga madirisha! Na huyo msichana wa kushoto, mwenye sauti ya chini, leo hanijui. Atanijua!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka kwa aibu. Bwana wa mashine akatukana kwa Kiingereza. Lakini desturi ni desturi: tulimngoja fahali amalize, nikaanza na sauti ya chini, wenzangu wakaingia. Utepe ukaisha pamoja na wimbo, hapakuwa na wa kurudia. Bwana akafungasha, akaahidi kurudi na santuri. Hakurudi.

Fahali yule ndiye aliyenioa, babu wa wajukuu wangu. Ukumbini alikuwa na maneno, nyumbani alikuwa mtu wa kimya, na sasa yuko Awasi chini ya udongo. Picha yake ninayo, ile ya kitambulisho. Sauti yake sikuwa nayo popote. Nilikuwa nimeanza kuisahau, na hilo sikumwambia mtu. Halafu ikatoka kwenye simu ya mgeni, changa vile, ikinichokoza.

Sikutaka kijana anione uso. "Umeitoa wapi?" nikauliza.

Akasema ilipatikana kwenye vitu vya mzee mmoja aliyefariki Nairobi. Labda. Anataka kuutoa wimbo upya, na anataka majina ya waimbaji. "Ila kuna kelele hapa katikati. Hiyo tutaitoa na kompyuta. Hutajua hata kama kuna mtu aliongea."

"Dani," mjukuu aliyeketi kando yangu akaniuliza, "hiyo kelele ni nani?"

"Hiyo kelele ni babu yako."

Kijana akaacha kutabasamu. Akasema watu wa leo hawana subira. Nikamjibu hata sisi hatukuwa nayo, lakini tulingoja. Nikamwambia aweke wimbo mzima kwenye simu ya mjukuu wangu kwanza, nikiona, ndipo nimpe majina. Akaweka. Niliusikiliza mpaka kofi la mwisho ndipo nikayataja. Akaapa hatakata kitu. Aliapa haraka mno. Na akitoka, pale langoni, akasema kuku wangu wamenona.

Niliwahesabu.

Fulu wameisha, mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani, aliwamaliza. Ukumbi sasa unauza misumari na saruji. Fundi, rafiki yangu, binamu yangu, wote wamelala. Ufuoni ndege bado wapo, wamenenepa, hakuna anayejua kuwapigia makofi. Huko Nairobi sijui watafanya nini na wimbo wetu, na kiapo cha viatu vyeupe sikitegemei. Lakini kwangu nina amri. Jioni ile niliwaita wote wanaolala chini ya mabati yangu, hata mke wa mjukuu aliyekuwa anageuza samaki jikoni, nikawaambia: wimbo huu mtaucheza mnapotaka, lakini hakuna mkono utakaogusa simu katikati. Mzee akisimama kujisifu, nyamazeni mpaka amalize.