Kabureta ya Wakwe

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika kabla hajawa fundi. Ufundi ulimjia pamoja na soko huria. Ushirika ulipokwisha akarudi nyumbani Msanzi na sanduku la spana na pikapu kuukuu ya dizeli aliyoipata mnadani, na tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyeruhusiwa kuwa na maoni juu ya injini.

Mimi shule niliifahamu kwa kisomo cha jioni tu, lakini majina ya vyuma nayajua yote: nozeli, pampu, plagi, pointi, gasketi. Nilijifunza kwa kumpokeza vifaa akiwa kazini. Na majina ya watu wa habari hii nayo ninayo kichwani, hata la mbuzi aliyechinjwa. Siyaandiki, maana wajukuu zao bado wananipa shikamoo njiani.

Kuhudumia dizeli kwetu Ufipa ni kama kuuguza mzee mwenye kiburi. Mwezi wa sita, baridi ikishuka, nilikuwa naamka na kusukuma karai la makaa chini ya injini kabla sijabandika chai ya watoto. Yeye hufungua filta amwage maji yaliyokaa chini, kisha anapampu kwa mkono kutoa hewa mpaka mapovu yaishe, huku amenuna, na sisi wengine tumekaa kimya kama tuko kwenye misa. Oili ilibadilishwa kila baada ya safari kumi za kwenda Kabwe kuchukua samaki. Mita ya kilomita ilikufa kabla hatujainunua, kwa hiyo mita nilikuwa mimi.

Petroli aliidharau. Alisema gari la petroli ni la mtu anayekwenda posta. Ukilifanyia sevisi, kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye kigoda: futa plagi kwa msasa, rekebisha pointi, fungua kabureta inayochanganya petroli na hewa, uioshe, funga, nenda zako. Dizeli inataka mwanamume, petroli inataka kitambaa.

Sasa binti yetu wa tatu alichumbiwa na kijana wa Sumbawanga mjini. Baba mdogo wa yule kijana alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa wale walioamka na soko huria mapema. Duka lake lilikuwa na oili za makopo ya rangi zote, mtu anachagua kama kitenge. Na alikuwa ameagiza gari dogo la petroli, jeupe, limetoka ng'ambo likiwa limetumika lakini linanukia kama sabuni. Hilo ndilo lingembeba bibi harusi Jumamosi.

Jumatatu akalileta mwenyewe. Akasema vijana wa mjini wanaharibu magari ya watu, na kwa heshima ya undugu unaokuja angependa mkwe mwenyewe alifanyie sevisi, atalifuata Ijumaa. Akatuachia ufunguo na kopo la oili, akadandia lori la mahindi akarudi. Mume wangu akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Nadhani hakuwahi kupokea hata komunyo hivyo.

Jumanne asubuhi akaanza. Akamwaga oili ya zamani, akafungua filta kwa kuikaba na mkanda wa feni uliochakaa, akaweka mpya, akatia na ile oili ya kopo. Plagi akazifuta zikang'aa. Kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akasema nimpe bisibisi ya kabureta. Nikampa. Ule mkono ukakaa hewani.

Alilizunguka gari. Akainama kushoto, akainama kulia, akalala chini. Akapapasa juu ya injini kama mtu anayetafuta miwani. Kulikuwa na bomba la plastiki, nyaya nyingi na kisanduku. Kabureta haikuwepo.

Akafunga boneti taratibu na kuniita jikoni, mahali asipoingia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tumeibiwa. Kabureta imeng'olewa usiku, hapa hapa uani kwetu."

Nilikaa chini. Hebu fikiri: wakwe wameleta gari zima, Ijumaa wanalikuta limechunwa. Watasema binti wanayemchukua ametoka nyumba ya wezi. Harusi imebaki siku nne, pombe ya ulezi imeshaanza kuchachuka, na huenda msichana wangu akarudishiwa sanduku lake mlangoni.

Lakini swali likanijia. Nikamuuliza, hebu liwashe kwanza. Akanitazama kwa huruma. Akasema injini ya petroli bila kabureta haiwezi kuwaka hata ukiiombea, na ukilazimisha inaweza kulipuka ikatuchomea nyumba. Nikamuuliza tena, mbona huyo mwizi aliondoka bila kuacha hata nati moja iliyolegea? Akasema ndiyo maana tunajua ni fundi.

Ufunguo akaufunga kwenye kitambaa, akautia mfukoni na kulala nao.

Alianza kuwapekua watu kwa macho. Jirani yetu mmoja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kaskazini, ndiye aliyepita Jumatatu jioni kuleta maziwa. Basi ndiye. Nikamwambia mtu yule hana hata baiskeli, kabureta angemfungia ng'ombe gani? Yeye maziwa akayakataza, na tukanywa chai ya rangi wiki nzima, na yule maskini akawa anasimama uzioni na kibuyu chake asijue amekosa nini.

Jumatano akaenda Sumbawanga kwa pikapu, akiambia watu anafuata mchele wa harusi. Alirudi jioni ya Alhamisi bila mchele. Alikuwa na kabureta. Ameing'oa kwenye mzoga wa lori la petroli lililozeeka; nzito, nyeusi, ina ukubwa wa sufuria ya uji. Akaiosha vizuri. Akaijaribu huku na huku, haikuingia popote, maana hakukuwa na tundu hata moja lililoisubiri. Alipochoka akakata ukanda wa mpira wa tyubu, akaifunga juu ya injini, haijaunganishwa na kitu chochote. Akasema mkwe akifungua boneti, angalau ataona ipo. Kutowaka kutakuwa ni ugonjwa mwingine.

Nikamwambia huo si ufundi. Akasema, "Huo ni uzazi. Namtetea binti yangu."

Ijumaa mkwe akaja, mchangamfu, amevaa koti. Tukasalimiana habari zote mpaka za mashamba. Akaomba ufunguo, akaingia, akauzungusha.

Gari likawaka. Likawaka mara moja, taratibu, hata kuku waliokuwa chini yake hawakuhama.

Mume wangu alisimama mdomo wazi. Mkwe akatabasamu, akafungua boneti aone kazi, kisha akainama karibu.

"Bwana mkwe, hiki chuma hapa juu ni kitu gani?"

Kuku mmoja akalia. Nikajisemea, haya, harusi imekwisha.

"Ni cha baridi," mume wangu akasema. "Magari haya yametengenezwa kwa nchi za watu. Huku kwetu Ufipa asubuhi yangekusumbua."

Mkwe akakigusa kwa kidole kimoja, kwa adabu. Akasema mjini hakuna anayejua mambo haya. Akaondoka akipiga honi.

Mume wangu akabaki anatazama vumbi. Nilipomuuliza limewakaje, alifikiri sana, kisha akasema linawaka kwa mazoea.

Jumamosi binti yetu alibebwa na kabureta moja au bila kabureta yoyote, mpaka leo sijui niseme vipi, na akafungishwa ndoa. Kwenye sherehe mkwe alisimama akawasifu wakwe zake kwa kifaa cha baridi, watu wakapiga makofi, na wenye magari wawili wakaja mezani kwetu kuulizia kama vipo vingine. Mume wangu akala nyama ya mbuzi bila kuinua uso. Jumapili asubuhi alikwenda mwenyewe kwa yule mfugaji na kibuyu kitupu, akaomba maziwa. Hakueleza kitu, naye hakuulizwa.

Baada ya miezi miwili binti akaja kutusalimia. Tukiwa tunapepeta ulezi, akaniambia kwamba gari lile lilipelekwa kwa fundi kijana mjini. Yule kijana akafungua boneti, akacheka mpaka akaketi chini. Akamweleza baba mkwe mdogo kuwa magari ya siku hizi petroli inapulizwa na umeme, hayana kabureta kabisa, na hili limefungiwa kabureta ya lori kwa mpira wa tyubu.

Nikauliza, na mkwe akasemaje?

"Alimwambia fundi aache kucheka, aikaze," binti akasema. "Alikuwa ameshawatambia wenzake wote wa sokoni."

Mume wangu alikuwa uani, chini ya dizeli yake, anatoa hewa. Sikumwambia, wala siku hiyo wala nyingine.