Filimbi Iliyonyamazishwa Bwera

Habari za kifo chake zilinikuta mjini Hima, nikiomba lifti kwenye lori la simenti, maana wasomaji wangu mnanijua, situlii mahali. Mpiga filimbi wa Bwera amefariki. Nilimfahamu tangu nikiwa sekondari, na kila nilikotangatanga nilizikumbuka nyimbo zake. Hakupiga wimbo bila kwanza kutaja alikoutoa: "Hii nilichukua kwa muzee wa Kyondo, mwisho nimeongeza yangu." Ndivyo wapiga filimbi wote wa milima ya Bwera walivyofanya kazi. Unachukua, unamtaja, unaongeza.

Mwaka jana mwanamuziki mmoja alimjia, akajifunza kwake wimbo wa mazishi. Jamaa alipoomba kuurekodi, mzee alimjibu kama alivyojibiwa yeye zamani: "Chukua, ongeza yako." Jamaa akaongeza kinanda, kisha akausajili kuwa wake peke yake. Sheria ya hakimiliki ilipotiwa makali, mzee akaletewa barua ya kumkataza kuupiga. Nilikuwepo sokoni muuza nguo alipomsomea. "Muzee, hii wimbo iko na mwenyewe sasa. Ukipiga, wanakushika." Mzee akacheka. "Mwenyewe nani? Mwenyewe alikufa, nilimuzika na hii hii wimbo!" Soko zima likacheka naye. Lakini nilimwona akiifunga filimbi kwenye kitambaa, na sikumsikia tena akiipiga.

Jumamosi tulimzika. Binti yake alimwomba rafiki wa marehemu, mpiga filimbi mwenzake, ampigie baba wimbo ule. Akaiinua filimbi mdomoni, akaona simu zimenyanyuliwa kurekodi, akaishusha. "Mama, unisamehe. Niko na watoto." Tukabaki kusikiliza makoleo yakifukia kaburi.

Siipingi sheria, nimeona wasanii wakiporwa jasho lao. Naogopa tu sheria inayomuuliza mtu alisajili lini, isimuulize alichukua kwa nani. Naogopa zaidi jinsi tulivyojifunza upesi kuogopana mbele ya kaburi. Anayesajili wimbo na amtaje kwanza aliyemfundisha, na wafu waimbiwe bila kibali cha mtu. Tukichelewa, tutakuwa na nyimbo zenye wenyewe na misiba isiyo na nyimbo. Mimi wimbo ule ninao kichwani. Tangu Jumamosi, kila nikitaka kuupiga mluzi njiani, nageuka kwanza kutazama nani yuko nyuma yangu.