Nilimwambia mama mahindi yake iko sawa

Wakuu, salamu kutoka Kathonzweni. Naandika hii nikiwa na uchungu, na kama kuna mahali nitadanganya, Mungu ananiona.

Mimi ni technician. Nilikuwa kwa project fulani ya watu wa Nairobi, ya kupima mahindi na terahertz laser.

Msiogope jina. Ni mwanga jicho haioni. Unapita kwa karatasi, plastiki, hata punje kavu, lakini kwa maji unakwama. So unaona ndani ya mahindi kwa screen bila kuipasua. Punje kavu inatoka nyeupe. Ile imeshika unyevu na kuvu inatoka na doa jeusi katikati.

Na nyinyi watu wa Kitui na Makueni mnajua aflatoxin, ile sumu ya kuvu ya mahindi, imetufanyia nini. Tumezika watu.

Tukaweka mashine kwa ukumbi wa kanisa. Kila mama akaambiwa alete kikombe kimoja cha mahindi kutoka kwa gunia yake.

Mamangu alikuwa wa kwanza kwa line, amefunga kitambaa cha Jumapili. Nikaweka punje zake. Nyeupe zote! Hata mkubwa wetu akasema hajaona sample safi hivyo.

"Mwaitu, mahindi yako iko sawa," nikamwambia mbele ya watu. Wakampigia makofi. Aki alifurahi yule mama.

Sasa hapo ndipo nilikosea. Mimi ni Mkamba, nimelelewa na huyo mama. Najua kwetu mgeni haonyeshwi kitu iko na kasoro. Na sikumuuliza hata swali moja.

Kumbe alikuwa ameketi siku mbili na uteo, anachagua punje moja moja. Nzuri za kikombe, nzuri za wajukuu. Zile zimebadilika rangi hakutupa. Nani anatupa chakula huku na mvua ilikataa? Aliziweka kwa kyondo, kikapu chake cha kusuka, chini ya kitanda, akawa anazitwanga na kujipikia muthokoi pole pole.

Wiki chache baadaye macho yake ikageuka manjano. Tumbo ikafura. Nikamkimbilia hospitali, nikamuuliza amekuwa akikula nini.

"Ni ile mahindi tu, mwanangu. Si ulisema iko sawa?"

Wakuu, hayo maneno nayasikia hata nikioga. Hakumaliza wiki.

Baada ya mazishi dadangu Mueni alitoa hiyo kyondo akifagia, hakujua ni ya nini. Mimi nikaona hizo punje zimebadilika rangi, nikajua. Nikaibeba hadi kwa mashine nikiwa peke yangu. Punje baada ya punje, doa jeusi. Nililia hapo mpaka generator ikaisha mafuta.

Mnafikiri imeisha hapo?

Mueni ameshikilia kwamba mama aliwekewa sumu, maana "mashine ilisema mahindi ni safi." Anamshuku Mama Kioko, jirani yetu mjane, yule alikuwa anamletea mama maziwa. Watu wakaacha kumsalimia. Juzi nimempata kwa borehole anachota maji, wengine wote wamesonga kando. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nakula. Nikaona haya, nikapita.

Picha za hizo punje za kyondo ziko kwa simu yangu muda huu wote. Nimenyamaza kwa sababu nikizionyesha, watu watajua ni mdomo wangu ulimtuliza mama.

Funzo? Ukipima chakula cha watu, usingoje kuletewa kikombe. Ingia kwa nyumba, weka mkono hadi chini ya gunia, uliza ile mbaya iko wapi. Wageni wa Nairobi hawangejua kuuliza hivyo. Mimi nilijua.

Kabla ya kupost hii nimemtumia Mueni picha zote. Tick zimekuwa blue.

Hapo chini nitukaneni mkitaka, sitajibishana na mtu. Lakini kama unatoka huku kwetu, kesho ukimpata Mama Kioko kwa borehole, tafadhali msalimie.