Aliyeitika Jina la Marehemu

Chini kabisa ya hoteli moja kubwa, kwenye chumba cha kufulia, alikuwako mtu waliyemwita Pasi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa mama yake, na mama naye alishatangulia mbele ya haki.

Kwa miaka ishirini na sita Pasi alisimama mbele ya meza ileile akinyoosha mashuka ya wageni na, kila asubuhi, mashati ya mwenye hoteli. Mashati yale yalimfundisha mengi. Alijua tajiri alipoanza kunenepa, kwa jinsi vifungo vya tumboni vilivyolegea nyuzi. Alijua alipougua, maana mwaka huo mzima kola zilikuwa ndogo. Lakini ana kwa ana hawakuwahi hata kusalimiana. Watu wa chini walipita mlango wa nyuma, na tajiri hakuwa na la kutafuta huko.

Mwenzake alikuwa Twiga, mtu mfupi kama kinu, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Twiga akifua, Pasi ananyoosha. Waliajiriwa mwezi mmoja, wakawa chanda na pete, mpaka siku Twiga alipoanguka kando ya mashine asiinuke tena. Sasa ilikuwa mwaka wa tatu. Siku ya mazishi hoteli ilileta shada la maua, na Pasi hakulia. Alirudi kazini kesho yake.

Hoteli ilipotimiza miaka thelathini, msimamizi wa dobi alishuka ngazi mbio.

"Pasi, kesho adhuhuri kuna sherehe ukumbini. Wanataka mkongwe wa huku chini apewe cheti. Ni wewe. Vaa koti."

Koti aliazima kwa shemeji yake. Mikono ilimfika kwenye vifundo vya vidole, lakini koti la kuazima halichaguliwi.

Ukumbini alikaa safu ya mwisho, magoti yamebana. Wakaitwa wapishi, wakaitwa walinzi. Kisha mshereheshaji akasoma jina la mfuaji wa miaka ishirini na sita. Pasi akasubiri. Jina likasomwa tena, majina yote matatu. Lilikuwa la Twiga.

Msimamizi akamfinya ubavuni. "Nenda!"

"Huyo ni Twiga, bosi. Marehemu."

"Wamekosea orodha. Nenda tu, watu wanangoja."

Akaenda. Alipofika mbele, tajiri alimshika mkono kwa mikono miwili. Pasi akautazama mkono wa shati. Alikuwa ameunyoosha mwenyewe asubuhi ile.

"Hongera sana, mzee wangu," alisema tajiri. "Watu kama wewe ndio nguzo zetu. Tunakujua na tunakuthamini."

"Ahsante, mheshimiwa."

Picha ikapigwa. Akapewa cheti ndani ya fremu na saa ya ukutani, akarudi kukaa. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino, anayegusa shavu lake akadhani ni la mwingine.

Kesho yake alipanda ofisi ya utumishi. Binti wa mezani alimsikiliza kwa adabu.

"Pole, baba. Ila vyeti vilichapwa kwa pamoja. Kubadilisha kimoja ni kuanza upya. Si mlikuwa marafiki lakini?"

"Tulikuwa."

"Basi."

Nyumbani mkewe alikuja juu. "Yaani umesimama mbele za watu ukaitikia jina la maiti? Na hukusema kitu! Wewe huoni uchungu?"

Pasi alijaribu kuutafuta huo uchungu, kama mtu anayejipapasa mifukoni. "Sijui," akasema. "Labda utakuja."

Jumapili alikwenda kwa mjane wa Twiga, fremu na saa mikononi. Mjane alikuwa uani akianika nguo. Alijifuta mikono, akasoma cheti polepole, kidole juu ya kioo.

"Kwa hiyo walimwita?"

"Mara mbili, shemeji."

"Akaitika nani?"

"Mimi."

Mjane akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akakalia ndoo iliyopinduliwa. "Mwenzio huyo hata akiwa hai alikuwa haitikii mwito wa kwanza. Lazima uite mpaka koo likauke!"

Pasi akatabasamu kwa sababu mjane alikuwa anacheka.

"Cheti niachie," alisema mjane akijipangusa macho. "Wanangu wakione. Saa chukua wewe. Yeye hana haraka tena."

Akatundika fremu juu ya kabati, akaisogeza kidogo ikae sawa. Pasi akamshikia kiti. Wakanywa chai, wakaongea habari za shule na bati linalovuja, akaaga.

Jumatatu alikuwa mezani kwake kama kawaida. Alifanya kazi miaka miwili zaidi, kisha ikaja barua ya kustaafu, safari hii imeandikwa jina lake sawasawa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akamalizia mashuka yaliyobaki. Msimamizi alimwomba ufunguo wa kabati lake. Akautoa.

Mkewe bado humwuliza siku mojamoja kama ule uchungu ulifika. Yeye hujibu kwamba anausubiri, lakini mpaka leo haujabisha hodi.