Mama Revo Anamuulizia Mwanawe

Pale Nyasura, mjini Bunda, hakuna aliyemwita Dorotea kwa jina lake. Tangu alipomzaa mtoto wake wa kwanza, Revocatus, alikuwa Mama Revo, na mumewe Mugeta alikuwa Baba Revo. Revocatus alipokufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Musoma, majina hayo yalibaki. Watu waliwaita hivyo kanisani na sokoni, nao wakaitika.

Mama Revo aliuza dagaa na sato, na kichwa chake hakikupoteza kitu. Alijua nani ni mtoto wa nani, mpaka koo za Bukima alikozaliwa. Kisha akaanza kuunguza maharage. Akawa anamwita binti yake Justina kwa jina la marehemu dada yake yeye mwenyewe. Siku moja walimkuta kwenye njia ya Bukima, miguu imevimba, akisema anakwenda kumsaidia mama yake kuanika dagaa. Mama yake alikwisha kufa zamani. Justina akamchukua hadi hospitali Musoma, anakoishi yeye. Daktari akasema ugonjwa huo hauna dawa, wamvumilie tu.

Jioni moja Mugeta akimenya muhogo, mkewe alimuuliza, "Baba Revo, mbona huyu mtoto harudi? Chakula kinapoa."

"Mtoto gani?"

"Revo."

Mugeta akaweka kisu chini, akamshika mkono. "Mama Revo, Revo alikufa. Tulimzika hapo nyuma. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

Dorotea alijitupa chini, akalia kama alivyolia siku ile ya kwanza. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna msiba mpya. Kulipokucha alikuwa amesahau yote. Chai haijachemka, akauliza kama Revo ameamka.

Mugeta akamwambia tena, naye akalia tena. Ikawa hivyo kila kukicha, mpaka jirani yao Ghati akamvuta Mugeta pembeni.

"Shemeji, unamuua mwenzio. Kila siku unamletea msiba upya."

"Sasa nimdanganye? Mtoto niliyemzika niseme yuko hai?"

"Mdanganye."

Basi akaanza kusema Revo yuko kazini Musoma, atakuja. Dorotea alifurahi. Alitenga kichwa cha sato, akakifunika kwa sahani. "Usikiguse. Revo alikuwaga anakipenda." Mugeta alikula ugali wake mbele ya sahani ile bila kuigusa. Asubuhi akampa mbwa kile kichwa, kwa kujificha kama mwizi. Baya zaidi, kuna siku pikipiki ilipunguza mwendo nje akajikuta ameinuka kitini kumpokea Revo, kabla hajakumbuka. Akarudi kukaa, akajichukia.

Akawa anasali mkewe aache kuuliza. Masika yalipokwisha, akaacha.

Siku za mwanzo Mugeta alipumua. Halafu akagundua kwamba Ghati akiita "Mama Revo!" mlangoni, Dorotea hugeuka kutazama anayeitwa ni nani. Akawa anamwita mumewe mzee, kama mgeni. "Mzee, kwenu ni mbali?" alimuuliza kwa upole. "Angalia giza lisikukute njiani."

Kulikuwa na mambo mengi ya Revo ambayo waliyajua wao wawili tu: jinsi alivyochelewa kutembea, homa iliyotaka kumchukua akiwa mchanga, wimbo aliobembelezewa. Justina alizaliwa baadaye sana. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Dorotea, na Mugeta alishika mstari mmoja tu. Alijaribu kuuimba akiwa shambani, ukakatika palepale.

Alasiri moja alishindwa kuvumilia. Akamkalisha mkewe kivulini nyuma ya nyumba, karibu na kaburi.

"Unamkumbuka Revo?"

"Revo gani?"

"Kijana mmoja wa hapa. Mrefu, mcheshi. Akioga alikuwa anaimbaga."

"Simjui. Yuko wapi?"

"Alikufa."

Dorotea akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ile ya mtu anayesikia msiba wa mtaa mwingine.

"Maskini. Na mama yake yupo?"

"Yupo."

"Ukimwona mpe pole yangu."

Mugeta akajibu kwamba atampa. Alikaa naye kidogo. Kisha akaenda kuwasha moto, maana jua lilikuwa linashuka na mboga hazijachambuliwa.