Mstari wa Maji Nyuma ya Mama Nabintu

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa karakana alininyang'anya kifutio. Tulikuwa tunatengeneza vitabu vya kusomea vya shule za msingi hapa Uvira, na mimi niliajiriwa kuchora watu wa barabarani: wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mafundi cherehani, vijana wa pikipiki za taksi-moto.

"Weye, hapa hatufuti kroki," aliniambia.

Kroki ni mchoro wa haraka wa penseli. Unakamata mgongo, mabega na mikono kabla mtu hajageuka. Uso unakuja mwisho.

Nilikuwa nimeshaizoea kazi shefu aliponituma ufukweni mwa ziwa kuchora wanawake wanaofua. Nilikaa kwenye jiwe mbele ya Mama Nabintu, mkaaji wa mtaa wa Songo, aliyesimama majini hadi magotini akisuuza shuka.

"Mama, unanichora na kitenge hiki kimepasuka?" aliniuliza.

"Inama tu vile vile," nilimjibu.

Mgongo wake nilishaukamata. Nikainua macho kutafuta mstari wa maji, nikaona maji yamevimba nyuma yake, halafu masikio mawili madogo.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nikamrushia ubao wangu wa kuchorea. Ulimpiga begani, akainuka kwa hasira, akageuka kuutazama ulikoangukia, akamwona kiboko.

"Yesu wangu!"

Aliruka hadi kwangu. Kiboko akatoka mzima mzima, akalikanyaga beseni lake la kufulia likawa bapa. Mwanaume mmoja aliyekuwa anaosha baiskeli pembeni hakuwahi kukimbia. Kiboko alimuuma kiunoni mara moja tu, akamwachia, akarudi ziwani. Yule bwana alitufia mikononi kabla gari halijapatikana.

Mama Nabintu alinishika mkono, hakuuachia.

"Amenisalimia sasa hivi," alisema. "Sasa hivi tu."

Ofisini shefu aliuliza kama mchoro nimeupata. Nilimtazama bila kuamini. Nilipomweleza, alikaa chini.

Baadaye nilihamishiwa Lemera, kuchora wakulima wa milimani. Mkuu wa huko alinipokea kwa upole: "Huku hakuna ziwa, mama. Chora polepole." Lakini hata ng'ombe akitikisa kichaka, penseli ilianguka.

Sasa nimestaafu, niko Uvira tena, na vijana wanakuja nyumbani kujifunza kroki. Wakiona mistari yangu inayumba, wanasema kwa huruma, "Ni uzee, bibi."

Nawaacha waseme. Uzee uliukuta mkono huu unatetemeka tayari.