Diski ya Kueleza Neno

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, somo la Kiingereza, jua la Voi likichoma hadi mabati ya darasa yanalia. Hasira haijaniisha, kwa hivyo naandika tu vile ilikuwa.

Mwalimu aliandika ubaoni kitenzi "reinforce", na chini yake mfano: diski ina-reinforce Kiingereza shuleni. Diski ni kipande cha mbao chenye kamba. Ukishikwa ukiongea Kiswahili au lugha ya kwenu, unapewa, nawe unamvizia mwingine umpe. Anayelala nayo husimamishwa mbele ya paredi aseme alichosema. Mimi nina haya, hata kuomba chumvi mezani hunishinda.

Akataka kila mtu atunge sentensi. Mwenzangu wa dawati, rafiki yangu tangu Form One, alikuwa ameandika kwamba mamake ana-reinforce chai kwa sukari. Nikatingisha kichwa kwamba sivyo. Akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Nieleze kwa Kidawida, kichwa kimekataa."

Nikamweleza kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Nyanya yangu kule Werugha, kabla ya mvua, hukagua matuta ya shamba. Tuta lipo, halijaanguka, lakini anajua maji yatalisukuma. Anaongeza mawe chini, anapanda majani ya nepia ukingoni ili mizizi ishike udongo. Hajengi jipya. Analitia nguvu lililopo. Hiyo ndiyo "reinforce".

"Aaa," akasema. Akaandika sentensi ya nyanya yangu mimi, akanyoosha mkono, akaisoma. Mwalimu akamsifu, darasa likampigia makofi. Alipoketi, akatoa diski mfukoni mwa sketi, akaniwekea mapajani. Alikuwa nayo tangu asubuhi.

"Pole, my dear," akasema kwa Kiingereza chake kizuri. "Si umejileta mwenyewe."

Wa nyuma wakacheka. Mmoja akauliza kama nyanya atanisindikiza paredi.

Jioni mama akaniona nimenuna, diski mkononi. "Si umpe mtu kesho getini? Hao wa Form One wanabwabwaja tu."

Nilikuwa nawaza ule mfano wa ubaoni, na kila nikiuwaza napanda moto. Nyanya huongeza jiwe. Diski imeongeza nini? Kiingereza nilikuwa nacho, Kidawida ndicho kilichokisaidia kusimama, halafu nikavishwa kamba kwa sababu hiyo. Na rafiki je? Wacha tu.

Asubuhi msichana wa Form One aliniuliza getini, kwa Kiswahili, kama kengele imelia. Diski ilikuwa mkononi. Nikatingisha kichwa kwamba bado, nikapita nayo.

Kwa paredi mwalimu wa zamu akauliza nani amelala na diski. Nikatoka mstarini. Akauliza nilisema nini. Nikasema yote, mawe, nepia, mizizi, kwa Kidawida kama nilivyomwambia yule, sauti ikikatika. Akaniamuru nirudie kwa Kiingereza. Nikaiweka diski chini, karibu na viatu vyake, nikarudi mstarini.